Barua ya Siku ya Tano

Mtopanga, Kisauni
Jumatano, 4 Juni 2025

Kafedha wangu,

Natumai ulifika Likoni salama na kwamba Shangazi Kanze hajambo. Mfikishie shikamoo yangu.

Leo ni siku ya nne tangu Mchungaji Gershom atutenganishe. Yeye anasema anatutayarisha. Tuko jozi kumi na moja kwenye daftari la harusi ya pamoja ya tarehe 30 Agosti, sote wa njoo-tukae, tulioanza kuishi pamoja bila cheti, na sote tumeamriwa tukae mbalimbali miezi mitatu, tusionane wala tusipigiane simu. Tumeachiwa barua tu. Kwa kuwa Mama Gladys wa kwaya huvuka feri kila Jumatano na Jumapili kumpelekea dada yake vitambaa, yeye ndiye posta yetu. Nilimuuliza kama atazifungua. Akanitazama kama anavyoitazama sauti ya nne ikikosea. "Munga, mimi nina ndoa ya miaka thelathini na moja. Unadhani barua zenu zina kipya gani?"

Nyumba imenishinda. Jana nilipika wali wa watu wawili katika ile sufuria yako yenye bolti kwenye mfuniko, nikala mara mbili ili nisiutupe. Asubuhi nafunga mlango, nafika barabarani, narudi kutazama kama nimefunga.

Kazini, Wakili Mutua anashusha ofisi kutoka ghorofani. Amenipa kazi ya kupanga faili za zamani kwenye makasha kabla ya kuhama. Nimeanza na za talaka, miaka kumi nzima. Ni kazi ya kawaida tu.

Unalala vizuri? Niambie ukweli.

Wako,
Munga

*

Likoni
Jumapili, 8 Juni 2025

Karani wangu,

Umetaka ukweli: nalala kama gogo. Usikasirike. Shangazi ana kitanda kipana na hakuna mtu wa kuamka mara mbili kujaribu komeo. Shida ni asubuhi, maana navuka feri na Likoni nzima ndipo nifike kiwandani Changamwe, na supavaiza wetu hataki kusikia habari ya feri. Nimewekwa laini ya zipu. Zipu mia nne kwa siku, nazifunga na kuzifungua nikijaribu, mpaka vidole vinafunga na kufungua hata nikinywa chai.

Shangazi ameshafurahi kupata mtu wa kuhoji. Juzi tunachambua mchicha, akaniita, "Kafedha!" Nikaitika, "Abee, Shangazi." "Huyu Munga alikuomba lini?" Nikasema watu wake walikuja kuposa Aprili, na yeye Shangazi alikuwapo, alikula. "Sikuulizi walikuja lini. Nauliza wewe uliombwa lini."

Unakumbuka siku ile? Kwetu binti huitwa mbele ya wazee, baba anamwonyesha kilicholetwa na wageni, anamuuliza, "Hiki tukinywe?" Asipokubali, hakuna kinywaji. Zamani ilikuwa pombe ya mnazi, baba ameokoka, nyinyi mkaleta soda. Mimi nilikuwa jikoni nikingoja kuitwa. Nilipoitwa, Mjomba Garama alikuwa ameshafungua chupa, ya pili yake hiyo. Akasema, "Miaka mitatu yuko huko, tutamuuliza nini tena?" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Nilimsimulia Shangazi. Hakucheka. Akaendelea na mchicha wake.

Nimekwambia tu. Usianze kuhangaika. Na usiipake sufuria yangu masizi.

Kafedha

*

Mtopanga
Jumatano, 18 Juni 2025

Mpenzi Kafedha,

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza na ya pili nimezichana.

Nilikuficha kitu. Zile faili sizipangi tu, nazisoma. Sitataja jina la mtu yeyote na sitafanya hivyo kamwe, lakini kila mwenye shauri la talaka huandika maelezo yake: tulikutana wapi, tulifunga ndoa lini, nani alianza kulala sebuleni. Katika faili ya nne niliona maneno "tulikuwa tayari tunaishi pamoja." Katika ya sita nikayaona tena. Nikachukua kalamu nikaanza kuweka alama kwenye karatasi, na sasa siwezi kuacha.

Faili ni hamsini na saba. Thelathini na tisa waliishi pamoja kabla ya harusi, kama sisi. Wapo walioishi miaka miwili, wapo walioishi kumi. Halafu wakafunga ndoa, wakapiga picha, na sasa wamo ndani ya makasha ya karatasi ya wakili, nami ndiye niliyeandika namba juu yake.

Mbele ya jengo letu la ofisi kule Magongo malori yanapita kutwa, madirisha yanatetemeka, nami najikuta nahesabu upya nikidhani nimekosea. Sijakosea. Nimehesabu mara nne.

Huenda kukaa pamoja kwanza kunaharibu kitu ambacho hakionekani mpaka baadaye. Nakuuliza wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Tukifunga ndoa hiyo tarehe 30, tutakuwa faili ya arobaini?

Nisamehe kwa kukutia hofu. Ningeweza kukaa nayo peke yangu, lakini nimejaribu.

Munga

*

Likoni
Jumapili, 22 Juni 2025

Munga,

Nimekusoma nikiwa kwenye feri na nimecheka mpaka mwenye kuku kando yangu akasogea.

Mtu akikaa gereji siku nzima akihesabu magari, atasema Mombasa haina gari zima. Yanayotembea hayaingii gereji! Kwenye hilo kasha lako wote wameachana, ndiyo sababu wamo. Na hapa kwetu, Mtopanga, Likoni, huko Magongo, nani hakuanza kwa kukaa? Ungehesabu walioanza siku kwa chai ya maziwa ungepata hamsini na saba kwa hamsini na saba, ukaogopa chai.

Jambo jingine. Wa njoo-tukae wanaoachana kabla ya cheti hawaji kwa wakili hata siku moja. Mwanamke anabeba sufuria anaondoka. Hao uliwahesabu wapi?

Kama lazima uhesabu, hesabu vizuri. Nenda kwa waliofunga harusi ya pamoja miaka iliyopita, pale pale kanisani kwetu. Wote walikaa kwanza, la sivyo wasingekuwamo. Waulize wakoje. Usiende na kalamu sikioni.

Nami nikuulize: hofu hii ni ya hizo faili kweli? Nakujua. Ukiogopa jambo moja huwa unasafisha jingine.

K.

*

Mtopanga
Jumatano, 2 Julai 2025

Kafedha,

Nimefanya ulivyosema. Kalamu ilikuwa mfukoni.

Nilianza kwa Tinga na Faith, kwa sababu ni wapole. Waliishi pamoja miaka sita, na sasa wana miaka tisa ya cheti. Niliuliza siri yao nini. Tinga akasema, "Huyu? Alikuja mlangoni kwangu na mkoba, hajaingia, akanisimamisha. Akasema, nikivuka hapa sivuki kwa kujaribu, wewe unasemaje?" Faith akadakia, "Na akaniomba wiki moja afikirie! Nikarudi na mkoba wangu mpaka kwetu, jua lile!" Wanacheka mpaka leo. Wiki ile bado anamtoza kwa maneno.

Jana nikaenda kwa Rosalia, yule anayesuka nywele karibu na stendi. Yeye na Nicanor walikaa miaka kumi na minne, wakafunga harusi ya pamoja Agosti 2023, wakaachana baada ya miezi minane. Nilimkuta amemkalisha mteja, kichwa nusu kimesukwa. Nilipouliza, mteja ndiye aliyejibu: "Kaka, wewe ni wa serikali?" Rosalia akamkandamiza kichwa. "Tulia. Huyu ni wa kanisani, anaogopa kuoa."

Kisha akaniambia: "Miaka kumi na minne Nicanor alikuwa akisema, Rosa, chai ipo? Siku ya pili ya pete ikawa, mke, chai." Nikauliza kama harusi ndiyo iliyowaharibu. Akafunga msuko mzima kwanza. "Nilikwenda kwake kwa sababu nilikuwa na mimba. Yeye alinipokea kwa sababu mamake alikuwa anatazama. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu, siku ile wala siku nyingine. Harusi ikatukuta hivyo hivyo." Halafu akanigeukia: "Nyinyi mlianzaje?"

Nilisema tulikubaliana.

Mteja akasema, "Mbona unajibu ukitazama viatu?"

Munga

*

Likoni
Jumapili, 6 Julai 2025

Munga,

Hatukukubaliana. Kwa nini ulimdanganya Rosalia?

Mimi nakumbuka hivi. Tulikuwa tumezungumza miezi minne, baada ya mazoezi ya kwaya, unanisindikiza mpaka kwenye ploti yetu na huingii. Jumamosi ile ya Julai tangi la juu likapasuka na chumba changu, namba saba, kikawa bwawa. Kadenge, msimamizi, akasema atarekebisha kwa siku nne. Wewe ukasema njoo kwangu siku hizo nne, ukanipa kitanda ukalala kwenye mkeka. Nikaja na godoro kichwani na sufuria mkononi.

Siku ya tano nilikuuliza, "Kadenge amesemaje?" Ukasema, "Bado." Nikauliza tena siku ya saba. Bado. Baada ya hapo nikaacha kuuliza. Nikasikia kuna mtu amepangishwa namba saba, nikasema basi, Kadenge amenizunguka, na nikakaa kwako kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Mpaka leo simsalimii Kadenge vizuri.

Tulianza kwa tangi la maji. Hivyo ndivyo nitakavyomjibu Shangazi akiuliza tena, na ataniuliza, maana anauliza kila mara akishika mchicha.

Kuna kitu umeacha kusema. Barua yako inaisha kama mtu aliyetoka mbio.

Kafedha

*

Mtopanga
Jumatano, 16 Julai 2025

Kafedha,

Nitaandika kwa mpangilio ili nisikimbie.

Chumba chako kilikuwa tayari siku ya tano. Ilikuwa Jumatano, tarehe 13 Julai 2022. Kadenge alinikuta natoka dukani na mkate. Alisema, "Mwambie dada chumba kiko tayari, rangi tu haijakauka." Nikasema nitamwambia. Jioni uliponiuliza, nikasema bado.

Siku ya saba alinipigia. Nikasema umesafiri. Siku ya tisa alikuja mpaka kazini kwangu, akasema kuna mtu anakitaka chumba. Nikamwambia umeamua kubaki kwangu. Alinipongeza, akanishika mkono. Yeye hakukuzunguka. Nimekuona miaka mitatu ukimnunia mtu asiye na kosa, na nikanyamaza.

Sababu ninayo, ingawa haitoshi. Siku ile ya tano nilirudi nikakuta umeanika nguo zako kwenye kamba yangu na unaimba sehemu ya alto peke yako. Nikafikiri nikimwambia, kesho kamba itakuwa tupu. Ningeweza kukuomba ubaki. Niliogopa ungekataa. Kwa hiyo nilihakikisha huna pa kukatalia.

Ninaandika nyaraka za watu kutwa. Nikikosea tarehe moja silali. Na hili nimeliacha bila kulisahihisha miaka mitatu, nikikwambia kila siku kwamba mimi ni mtu makini.

Ulikuwa umeuliza kama hofu yangu ni ya zile faili. Hapana.

Munga

*

Mtopanga
Jumatano, 30 Julai 2025

Kafedha,

Mama Gladys amevuka mara nne na kurudi mikono mitupu. Leo nilimngoja kwenye geti la kanisa. Aliufungua mkoba wake akanionyesha ndani.

Jumapili walisoma matangazo ya ndoa kwa mara ya kwanza. Walisoma jozi kumi na moja. Mchungaji Gershom aliposema kama kuna mtu mwenye pingamizi ajitokeze, nilitazama mlangoni. Nilitazama mpaka aliyekaa nyuma yangu naye akageuka.

Sikuombi unisamehe. Naomba mstari mmoja nijue u mzima.

M.

*

Likoni
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mwanangu Munga,

Salamu. Ni mimi Kanze, shangazi ya Kafedha, na mwandiko wangu usiucheke.

Amenisomea barua yako ile ndefu. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akafua nguo zote za nyumba hii, pamoja na zilizokuwa safi, na mapazia.

Sina la kukufariji wala la kukutukana. Nina la kukuarifu tu. Jana Jumamosi ameondoka hapa na begi lake. Nilimuuliza, unarudi kwa Munga? Akasema hapana. Unakwenda kwa baba yako? Hapana. Amekataa kuniambia, lakini hakuwa analia, na ameomba nimpe godoro langu la wageni nikampa.

Usitoke kumtafuta. Ulishaamua kwa niaba yake mara moja, inatosha.

Shangazi yako,
Kanze

*

Ploti ya Kadenge, Mtopanga
Jumatano, 13 Agosti 2025

Munga,

Mama Gladys amelalamika kwamba barua hii haikuhitaji feri. Ni kweli. Niko hatua mia mbili na kitu kutoka kwako. Utazihesabu wewe.

Nilirudi kwa Kadenge kumwomba radhi. Nilimwamkia vizuri, akashtuka, akadhani nimefiwa. Nilipomweleza, alikaa chini. "Dada, mimi nilidhani unaninunia kwa sababu ya rangi ya chumba." Mpangaji wa namba saba amehama mwisho wa Julai. Nikasema nipe mimi. Nimelipa mwenyewe, ufunguo ni wangu mwenyewe, na ukuta bado una alama ya maji ya tangi lile mpaka hapa kiunoni.

Nimekasirika, na usidhani nimemaliza. Nikifunga zipu nakasirika, nikifungua nakasirika. Linaloniuma hata si uongo. Ni kwamba sitajua kamwe ningejibu nini. Umeninyima jibu langu, kama Mjomba Garama na chupa yake.

Nimekwenda kwa Mchungaji Gershom. Nimemwambia atutoe kwenye harusi ya tarehe 30. Alitaka kujua kuna dhambi gani. Nikamwambia kuna swali halijaulizwa. Akakata majina yetu kwa mstari mmoja, na pembeni akaandika "wasubiri."

Sasa nina sharti moja. Ile barua uliyopaswa kuniandikia siku ya tano, niandikie. Usinieleze ungeandika nini. Iandike yenyewe, na utie tarehe ya siku ile. Najua unavyoogopa kuandika tarehe isiyo ya kweli kwenye karatasi. Tia.

Kafedha

*

Mtopanga
Jumatano, 13 Julai 2022

Kwa Kafedha,

Salamu. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitasema jambo jingine.

Leo asubuhi nimekutana na Kadenge nikitoka dukani. Amesema chumba chako kiko tayari, rangi tu haijakauka. Unaweza kurudi kesho. Ukitaka kurudi, nitabeba godoro, wewe ubebe sufuria, na nitakusindikiza mpaka mlangoni kama siku zote.

Nimekuta nguo zako kwenye kamba na wewe unaimba. Sijawahi kurudi nyumbani nikasikia mtu. Napenda uwepo wako hapa kuliko ninavyojua kusema, na naogopa sana kesho. Lakini hofu ni yangu, si kazi yako kuibeba.

Kwa hiyo nakuuliza, na unaweza kusema hapana, na ukisema hapana Jumapili nitakuja kwaya kama kawaida. Je, ungependa kuishi nami? Simaanishi kwa sababu ya maji. Namaanisha chumba chako kikiwa kikavu na ufunguo uko mkononi mwako.

Munga

*

Namba saba
Jumapili, 17 Agosti 2025

Munga,

Barua yako ya tarehe 13 Julai nimeipata. Imechelewa kidogo njiani.

Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye godoro la Shangazi, nikajaribu kuwa yule Kafedha wa siku ile, wa miaka ishirini na nne, nywele zimelowa. Nimemuuliza kwa haki kabisa. Jibu lake ni hapana.

Usiweke karatasi chini, endelea kusoma. Angesema hapana kwa sababu mmezungumza miezi minne tu na hajui kama unakoroma. Angerudi namba saba na sufuria yake. Jumapili ungekuja kwaya kama ulivyoahidi, ungemsindikiza, usingeingia. Angetazama kama utamnunia. Usingemnunia, maana wewe kununa hukujui, unajua kufunga milango tu. Ungeuliza tena baada ya muda, naye pengine angejibu tofauti.

Mimi niko hapo sasa, baada ya hapana, kabla ya swali la pili. Kuhusu faili zako, sijui. Huenda watakaokaa kwanza wataachana, huenda wasiokaa ndio watakaoachana, ziandikie namba uziweke kwenye makasha. Mimi sitaki kuingia mahali tena kwa sababu maji yamenitoa mahali pengine.

Mama Gladys anasema kuna harusi ya pamoja nyingine Desemba. Sijasema ndiyo. Watu wako wakija tena, waje na soda zilizofungwa, na kifungulio nitakishika mimi.

Sufuria yangu iko kwako. Jumamosi nitakuwa nimepumzika. Ilete, ikiwa safi, na mfuniko wake. Ukifika mlangoni piga hodi, hata ukiuona uko wazi. Kisha usimame hapo nje, usisukume, usiseme bado wala tayari. Ngoja nikujibu.

Kafedha